Magari matatu ndani ya mwezi mmoja: mtaa uanzie wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Naishi Ilazo hapa Dodoma, nyumba ya kupanga yenye familia nne. Ndani ya mwezi mmoja magari matatu ya mtaa wetu yameguswa. La kwanza limechomolewa saiti mira zote mbili, la pili limevunjwa kioo cha nyuma likaibiwa begi lenye laptopu, la tatu limetolewa kontroli boksi, kile kifaa cha umeme kinachoongoza injini. Kwenye grupu letu la WhatsApp wapo wanaotaka tuchange tununue kamera, wapo wanaotaka tuweke geti barabarani, na vijana wanasema wakimkamata mtu hawahangaiki na polisi. Mimi ndiye katibu wa grupu, na gari langu linalala nje kwa sababu uwani hapatoshi. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nitakujibu kwa urefu, maana mtaa ukikosea hatua ya kwanza watu huchangishana fedha nyingi, wizi ukaendelea, na mwisho majirani wakaanza kushukiana.

Msichange hata shilingi kabla hamjaandika. Wewe ni katibu, kazi hii ni yako. Tafuta daftari, pita nyumba kwa nyumba, uliza kila tukio la wizi wa gari ambalo watu wanalikumbuka, hata la mwaka jana, hata lile ambalo mwenyewe aliona aibu kulisema kwenye grupu. Andika gari ni la aina gani, lilisimama wapi hasa, lilitazama upande gani, lilionekana zima mara ya mwisho saa ngapi na likakutwa limeguswa saa ngapi, siku gani ya wiki, umeme ulikuwepo au ulikatika. Kisha andika na kilichoachwa. Watu wengi husahau hicho cha mwisho, na ndicho kinachosema mengi. Mtu aliyeacha redio nzuri akabeba kontroli boksi alikuja na oda mkononi.

Tazama matukio yenu yenyewe. Saiti mira ni kazi ya mtu wa miguu. Anapita kama mpita njia, anabandua kioo kwenye kava lake kwa bisibisi ndani ya sekunde chache, kinaingia chini ya koti, safari inaendelea. Begi la laptopu ni tamaa ya mtu aliyechungulia ndani na kuliona. Lisingeonekana, huenda kioo kile cha nyuma kingekuwa kizima mpaka leo. Kontroli boksi ni habari nyingine kabisa. Huyo anayajua magari. Anajua kwamba kwenye magari mengi madogo tunayoendesha boksi hilo hukaa nyuma ya dashibodi upande wa abiria, anahitaji mlango ufunguke, anahitaji dakika kadhaa za utulivu, na ana mnunuzi. Sura tatu za wizi, na dawa yake si moja. Kamera moja kwenye nguzo haiwezi kujibu yote matatu.

Daftari likishajaa nusu ukurasa, utaanza kuona saa. Kila mtaa una saa zake. Dodoma ya leo ina jambo lake: tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, na mji kutangazwa jiji mwaka 2018, mitaa kama Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Njedengwa imejaa watumishi ambao familia zao bado ziko Dar es Salaam au kwingine. Ijumaa jioni wanaondoka. Na treni ya SGR ilipoanza safari za Dar na Dodoma mwaka 2024, wengi waliacha kusafiri na magari yao. Gari linabaki limeegeshwa kuanzia Ijumaa hadi Jumapili usiku, vumbi linatua juu ya kioo cha mbele, na yeyote anayepita anasoma kwenye lile vumbi kwamba mwenyewe hayupo. Ukikuta matukio yenu yameangukia Jumamosi na Jumapili, umeshapata robo tatu ya jibu: ulinzi wenu unalegea siku ambazo mtaa uko mtupu. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni, hali hugeuka. Mtaa unajaa magari ya wageni wa lodji, sura ngeni haishangazi mtu, na mgeni mwenyewe hajui aegeshe wapi.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba uhalifu hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachomfaa, na kukosekana kwa mtu wa kukilinda. Nimefanya kazi na mitaa mingi ya mji huu na bado sijaona maelezo yanayosaidia zaidi ya hayo, kwa sababu yanakuonyesha kipi kiko mikononi mwenu. Nia ya mwizi hamuiwezi kwa kikao cha mtaa. Mnachokiweza ni hivyo viwili vilivyobaki: kukifanya kitu chenyewe kisimfae, na kuweka jicho la mtu.

Nianze na kitu chenyewe, maana hapa mna nguvu kuliko mnavyodhani. Kifaa cha gari kinaibiwa kwa sababu kinauzika. Kiharibu soko. Mwiteni fundi wa kuchonga namba aje siku moja ya Jumamosi asubuhi, mkutane naye mahali pamoja, magari yote ya mtaa yapite kwake. Achonge namba ya gari kwenye saiti mira zote mbili, kwenye taa za mbele na za nyuma, kwenye kila kioo cha dirisha. Simama karibu umwone anavyofanya. Achonge kwenye kioo chenyewe, si kwenye kava la plastiki linalobadilishwa kwa dakika moja, na namba iende ndani kidogo, isiishie pembeni kabisa ambako inaweza kusuguliwa au kukatwa. Wengine hukataa wakisema gari linakuwa baya. Mimi nasema namba iliyochongwa vizuri kwenye kona ya kioo haizuii kuona nyuma, na mteja wa saiti mira ya magendo hataki kutembea na namba ya gari la mtu mwingine. Mkija wengi fundi atapunguza bei, na zaidi ya hapo, mtaa mzima uliochongwa unajulikana. Habari hizi huwafikia wenyewe.

Kontroli boksi mfungie. Fundi umeme wa magari au mchomeleaji anaweza kutengeneza kijigrili cha chuma kinacholizunguka boksi na kufungwa kwa bolti za kichwa kisicho cha kawaida. Hakimzuii mwizi milele, ila kinazigeuza dakika zake tano kuwa ishirini, na hizo ishirini hana. Masega, yale yanayosafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, nayo muyaangalie, hasa kwa magari yaliyoinuka ambayo mtu anaingia chini bila jeki. Yale yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana yana wanunuzi. Sahani ya chuma iliyofungwa chini ya gari inasaidia. Betri, kama boneti yako inafunguka kwa urahisi, nayo ifungiwe mkanda wa chuma.

Kuhusu begi nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna siri. Gari linalolala lisiwe na kitu kinachoonekana: begi, koti, chaja, hata mfuko mtupu wa dukani, maana mwizi hajui kwamba ni mtupu. Na usihamishie begi kwenye buti ukiwa umeshafika unapoegesha, mbele ya macho ya watu. Fanya hivyo kabla hujafika. Ukibonyeza rimoti, usiishie kusikia mlio. Vuta mkono wa mlango. Kuna vifaa vinavyozuia mawimbi ya rimoti, mwenye gari anaondoka akiamini amefunga, na asubuhi hakuna hata dalili ya kuvunjwa.

Sasa jicho la mtu. Hapa ndipo mitaa mingi inaponiuma, kwa sababu watu hulipa mlinzi kisha wanamwacha peke yake. Nenda kamtazame mlinzi wenu saa tisa usiku. Usiende kumfumania, nenda umwone anavyofanya kazi. Mara nyingi utamkuta kwenye kiti kimoja, mgongo umeelekea barabarani kwa sababu upepo wa Dodoma unatoka upande ule, usiku wa Juni au Julai baridi inamtafuna, tochi imeisha chaji, na simu yake haina salio la kumpigia mtu yeyote. Mtu huyo hawezi kulinda chochote. Mpeni koti zito, tochi mbili zinazopokezana, filimbi, salio, na karatasi yenye namba za simu za nyumba zote. Mpangieni mzunguko unaobadilika kila usiku, leo aanzie juu kesho aanzie chini, asiwe na saa inayokaririwa. Mpeni daftari dogo aandike gari geni lililosimama na muda wake. Na mlipeni kwa wakati. Mlinzi anayedai mshahara wa miezi miwili anafikiria watoto wake, na ana haki.

Mlinzi si yeye tu. Kijana wa kijiwe cha bodaboda, mama anayekaanga maandazi alfajiri, mwenye genge anayefunga saa nne usiku, wote hawa wanaona mtaa kuliko wewe unayefanya kazi Mtumba kwenye mji wa serikali. Wajue kwa majina. Waambie waziwazi: ukiona mtu amechuchumaa kando ya gari, piga namba hii. Wengi waliona kitu usiku ule, ila hawakujua wamwambie nani, na wengine waliogopa kuonekana wao ndio washirika. Ukiwaheshimu watakusaidia. Tabia ya kumshuku kila kijana wa boda inawanyamazisha watu mnaowahitaji kuliko wote.

Wale wanaosafiri Ijumaa wawe na jirani wa kumwachia. Jirani huyo afute vumbi kioo cha mbele, awashe taa ya kibaraza, asogeze gari kidogo ikibidi. Kwenye grupu msiandike «nasafiri mpaka Jumapili», hasa kama lina watu wasiojulikana ni nani. Mwambie jirani mmoja kwa mdomo.

Taa ni muhimu, ila ziwekwe kwa akili. Nimeona nyumba nyingi zenye taa kali juu ya geti inayomulika usoni mwa anayepita. Taa hiyo inampofusha mlinzi na kutengeneza giza zito kando ya ukuta, palepale gari lilipo. Taa iinamishwe imulike chini, gari lionekane lote mpaka kwenye matairi, na mtu aliye dirishani aweze kuona mtu mwingine amesimama pale. Umeme ukikatika, taa mbili tatu za sola zenye sensa zinaziba pengo. Michongoma ikatwe iishie chini ya kifua, mwarobaini upunguzwe matawi ya chini. Na kuna lile pagala. Sijui mtaa wa Dodoma unaokua usiokuwa na nyumba moja iliyosimama miaka bila milango, watu wakipumzika humo mchana na vitu vikifichwa humo usiku. Mtendaji wa mtaa amtafute mwenyewe, aombwe azibe milango na madirisha kwa mabati au matofali.

Brandon Welsh na David Farrington, ambao walikusanya tafiti nyingi za Marekani na Uingereza, waliripoti mwaka 2008 kwamba pale taa za barabarani zilipoboreshwa uhalifu ulipungua kwa takribani asilimia 21. Jambo lililonigusa ni kwamba haukupungua usiku tu. Mchana nao ulipungua. Maelezo yao ni kwamba mtaa ukitengenezwa watu huanza kuujali na kuuangalia. Kwa hiyo hata ile siku ya kukata michongoma pamoja ni ulinzi.

Kamera sizikatai. Wataalamu haohao walipoangalia kamera, waliona zimepunguza uhalifu kwa takribani nusu kwenye maegesho ya magari, mahali penye lango la kuingilia na ambako mara nyingi kulikuwa na taa na walinzi pia. Kwenye makazi ya watu na katikati ya miji matokeo yalikuwa madogo sana. Maana yake kwenu ni hii: kamera kwenye uwa wa magari au kwenye njia moja ya kuingilia ina faida, kamera iliyotundikwa juu ya nguzo, inayoonyesha kofia na kivuli, bila mtu wa kuitazama, ni hasara. Mkinunua, iwe usawa wa uso, iwe na betri ya akiba, na muamue mapema nani anatunza picha na kwa siku ngapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kamera inayorekodi barabara inarekodi na wapita njia, na picha ya mtu anayeshukiwa haisambazwi kwenye magrupu. Inapelekwa polisi. Nimeona kijana aliyekwenda tu kumsalimia shangazi yake akisambazwa mtandaoni kama mwizi. Jina lake halikurudi lilivyokuwa.

Geti barabarani msifanye kwa kujiamulia. Barabara ya mtaa ni ya umma, inahitaji ridhaa ya serikali ya mtaa na kibali cha mamlaka ya barabara, na siku nyumba ikiwaka moto gari la zimamoto halitasubiri mtafute aliye na funguo. Kama mtaa wenu una njia tano za kuingilia, geti moja halizuii mtu wa miguu hata hivyo.

Nimefika kwa vijana wenu, na hapa naomba unisomee kwa sauti kwenye kikao. Kumpiga mtu mpaka afe kwa sababu ya kioo cha gari ni mauaji. Magazeti huandika «wananchi wenye hasira kali», lakini mahakamani hakuna mshtakiwa anayeitwa hivyo. Wanaitwa watu wenye majina, wenye mama zao, na kila aliyeweka mkono wake anaweza kusimama pale. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayefanya kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Basi. Tena usiku watu hukosea sura. Wapo waliokufa wakiwa wametoka harusini. Na aliyekamatwa akiwa hai anaweza kusema anamuuzia nani. Kupokea mali ya wizi nako ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mnunuzi akikamatwa mitaa kumi inapumua. Kama vijana wanataka kulinda, na nia yao ni njema, waingie kwenye ulinzi shirikishi: majina yao yajulikane kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, mkaguzi wa polisi wa kata awaelekeze, watembee kwa zamu wakiwa na filimbi na tochi.

Ripotini kila tukio, hata kioo kimoja. Watu husema «polisi watafanya nini kwa saiti mira», wanakwenda kununua nyingine, na kwenye kumbukumbu za kituo mtaa wenu unaonekana salama kabisa. Doria hazipangwi kwenda mahali palipo salama. Chukueni RB, ile kumbukumbu ya taarifa mliyotoa kituoni, andikeni namba yake kwenye daftari lenu, piga 112 tukio likiwa linaendelea. Mwenye bima kubwa atahitaji ripoti hiyo, na asome kwanza mkataba wake unasemaje kuhusu vifaa vilivyochomolewa. Mwenye bima ndogo ajue kwamba hiyo inalipa hasara anayomsababishia mwingine. Gari lake likiibiwa kitu, halipwi.

Limebaki gari lako. Usiku wa leo liegeshe upande wa abiria ukiwa umebanana na ukuta kiasi kwamba mlango ule haufunguki, chini ya dirisha la mtu anayelala mbele ya nyumba. Kisha kesho kautazameni uwa wenu tena. Kwenye nyumba nyingi za kupanga za hapa kinachokula nafasi ni simtanki lililowekwa katikati, na rundo la matofali yaliyobaki ujenzi ulipoisha. Tanki likihamishiwa kona ya nyuma, uwa wa magari mawili unaweza kubeba matatu, mkikubaliana kwamba anayetoka alfajiri ndiye anayeegesha karibu na geti, na anayerudi usiku sana aache funguo ya akiba kwa jirani. Ongea na mwenye nyumba kuhusu tanki hilo kabla ya kikao cha mtaa. Kwa hilo huhitaji mchango wala kibali cha mtu mwingine.